Nataka kuwa CNA, mama mkwe anasema nitaosha waume za watu

*Yaya mshauri, shikamoo.*

*Nina miaka 34, ni mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na huu ni mwaka wa nne tangu tufike hapa Waterloo, jimbo la Iowa. Usiku nafanya kazi kiwanda cha nyama. Nasimama kwenye laini masaa manane nikikata mabega ya nguruwe, na asubuhi nikirudi nyumbani vidole vimekufa ganzi, hata kumfunga mtoto vifungo vya shati ni taabu.*

*Kanisani kwetu kuna mama mmoja anayefanya CNA, ile kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa chini ya nesi. Kila Jumapili ananiambia niache nyama niende huko. Moyo wangu umependa. Kambini niliwahi kuwa mhudumu wa afya wa jamii kwa miaka mitatu. Nilikuwa napima watoto uzito, napita nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Ile kazi niliipenda sana.*

*Lakini nimekwama. Shule nilifika mwaka wa pili wa sekondari tu, nikaolewa. Sasa mtu mmoja amenipigia simu akasema shule yao inatoa diploma ya CNA kwa wiki mbili, yote unasoma kwenye simu, kwa dola 1,400, na nikilipa nusu wiki hii nitapunguziwa. Mume wangu anasema tukope. Kiingereza changu nacho ni cha kuombea maji. Na lile linaloninyima usingizi ni mama mkwe, ambaye tunaishi naye. Alisema mbele ya watoto kwamba mke wa mwanawe hawezi kwenda kuosha waume za watu, ni laana kwa nyumba. Mume wangu alinyamaza.*

*Nahitaji elimu gani hasa? Kazi ya kambini inahesabika? Na huyu mama nimjibu nini?*

*Mama Neema, Waterloo*

Marahaba, Mama Neema. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naanza na lile linalowaka moto. Msikope hizo dola 1,400, wala msitume hata nusu yake. Hakuna diploma ya CNA ya wiki mbili inayosomwa yote kwenye simu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka kila anayesomea kazi hii afanye angalau saa 16 za vitendo, akimhudumia mtu kwa mikono yake huku nesi anamtazama. Nadharia unaweza kuisoma kwenye kompyuta, na shule halali nyingi zinaruhusu hivyo, lakini kumgeuza mgonjwa kitandani hakufundishwi kwa simu. Na shule ambayo jimbo halikuiidhinisha, hata ikupe karatasi yenye mihuri mitatu, karatasi hiyo haikufikishi kwenye chumba cha mtihani. Huyo aliyekupigia akirudi, muulize jambo moja tu: je, mmeidhinishwa na jimbo la Iowa, na vitendo nafanyia nyumba gani ya wazee? Akianza kuzunguka, kata simu.

Hapo hapo mjini kwenu kuna chuo cha jamii cha Hawkeye, nacho kinafundisha kozi hii. Anzia hapo.

Sasa swali lako la elimu. Sharti lake ni dogo kuliko unavyoogopa. Sheria ya serikali kuu haidai cheti cha sekondari kwa mtu anayetaka kuwa CNA. Kuna shule zinazodai kwa utaratibu wao wenyewe, kwa hiyo uliza kabla ya kujiandikisha, lakini mwaka wa pili wa sekondari peke yake haukufungii mlango. Kinachotakiwa ni uyamalize mafunzo yaliyoidhinishwa, ufaulu mtihani wenye sehemu mbili, kisha jina lako liandikwe kwenye daftari la jimbo. Daftari ndilo lenye nguvu. Mwajiri hatazami sana karatasi uliyoshika, anafungua daftari kuona kama jina lako limo na kama ni safi.

Mafunzo yenyewe hayapungui saa 75. Kiwango hicho kiliwekwa na sheria ya mwaka 1987. Kabla ya hapo, majimbo mengi yaliacha mtu aajiriwe leo na kesho akabidhiwe wazee bila kufundishwa lolote, na mwaka 1986 ikatoka ripoti ya Taasisi ya Tiba iliyoonyesha jinsi wazee walivyokuwa wakiteseka ndani ya nyumba hizo. Bunge likachukua hatua mwaka uliofuata. Kila jimbo linaweza kuongeza saa juu ya zile 75. Texas wanataka 100, California 160, Maine 180. Iowa mmebaki na 75: saa 30 darasani, 15 kwenye maabara ya shule mkifanyiana mazoezi, na 30 kwa wazee wenyewe. Ukisoma saa nne kwa siku, siku nne kwa wiki, ni kama wiki tano. Na kabla hujamgusa mzee yeyote lazima uwe umeshapitishwa saa 16 za mambo ya msingi, yaani jinsi ya kuzungumza na mgonjwa, kuzuia maambukizi, usalama na dharura kama mtu kupaliwa na chakula, kumwacha mtu ajifanyie anachoweza, na kuheshimu haki zake.

Kuhusu pesa nakuomba usome polepole, kwa sababu dada zetu wengi wanalipa wasichodaiwa. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali kwa wazee na wenye kipato kidogo, na karibu zote zinapokea, ikikuajiri au ikikuahidi kazi kabla hujaanza kozi, hairuhusiwi kukutoza mafunzo, wala vitabu, wala mtihani. Sheria inakataza. Na ukijilipia mwenyewe kwanza, kisha ukaajiriwa kwenye nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linapaswa kukurudishia gharama hizo kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Kwa hiyo tunza kila risiti.

Mimi ningeanza kwa kuzunguka. Vaa vizuri, chukua vitambulisho vyako, ingia nyumba za wazee mbili tatu hapo Waterloo na Cedar Falls, waambie unataka kazi, huna cheti, na unauliza kama wanafundisha au wanalipia masomo. Wengi wanatafuta watu. Wakikukubali unaweza kuanza kazi ukiwa mwanafunzi, na sheria inakupa miezi minne kukamilisha mafunzo na mtihani. Katika miezi hiyo unafanya yale tu ambayo nesi amekuona ukiyafanya sawasawa. Asikutume mtu kumwinua mzee kwa mashine ambayo hujafundishwa, hata kama zamu ina watu wachache. Na wakikupa mkataba wa kubaki kwao muda fulani, usisaini mpaka umesomewa na mtu unayemwamini.

Kazi yako ya Nyarugusu kwenye makaratasi haihesabiki, na sitaki kukudanganya. Haipunguzi hata saa moja katika zile 75. Lakini kwenye usaili iseme, tena iseme kwa kirefu. Mwambie msimamizi kwamba ulikuwa unaingia nyumba ya mtu usiyemjua, mtoto anaharisha, mama amekata tamaa, na ulitoka humo mama ameshika kijiko anamnywesha mtoto. Mtu aliyeweza hilo anajua kukaa na mgonjwa. Nimefanya kazi na wasichana waliozaliwa hapa hapa, wenye Kiingereza cha maji, ambao hawakuweza kukaa na mgonjwa hata dakika tano.

Sasa nakuja kwa mama mkwe, maana naona ndipo moyo wako ulipo.

Sitasema amekosea kuona haya. Mimi mwenyewe nilikulia Tanga, na siku ya kwanza nilipoambiwa nikamwoshe mwanamume, niliingia stoo ya mashuka nikasimama humo nikijifanya natafuta taulo. Nilifanya CNA miaka tisa kabla sijasomea unesi, na aibu ya siku ile naikumbuka vizuri. Mzee mwenyewe alikuwa mkulima wa mahindi, amepita miaka tisini, upande wa kushoto ulikuwa umelala kwa kiharusi. Nilipoingia na beseni, akageuza uso akatazama ukuta, akafumba macho kabisa. Nikaelewa kwamba mwenye aibu kubwa mle chumbani alikuwa yeye. Mtu aliyelisha watoto saba kwa jembe na trekta, leo anavuliwa nguo na binti mgeni asiyejua hata kutamka jina lake.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilibisha hodi kabla ya kuingia, nikamwita kwa jina lake na kujitambulisha, nikamwambia nimekuja kufanya nini nikasubiri aitikie. Nilivuta pazia pande zote. Maji niliyajaribu kwa kifundo cha mkono wangu, kisha nikamwomba ayaguse aseme kama yanamfaa. Nikamfunika blanketi la kuogea mwili mzima, nikawa nafunua sehemu moja tu ninayoosha, mkono huu, naukausha, naufunika, ndipo naenda mwingine. Macho yanaoshwa kwanza, bila sabuni, kutoka upande wa pua kwenda nje, na kila jicho kwa pembe yake safi ya kitambaa. Tulipofika kwenye sehemu za siri nilimuuliza kuhusu mahindi. Akaanza kunieleza mvua ya mwaka fulani iliyochelewa, na alipomaliza hadithi mimi nilikuwa nimeshamaliza na nimemfunika. Kumvisha shati nilianza na mkono ulio dhaifu, kwa sababu mkono usio na nguvu ndio unaovaa wa kwanza na kuvua wa mwisho. Siku ya tatu hakugeukia ukuta tena.

Kiswahili chetu kina neno la hiyo kazi, nalo ni kustiri. Mwili wa yule mzee ungefunuliwa tu, kwa sababu hawezi kujiosha na hana budi kuoshwa. Swali lilikuwa ni nani atakayeufunua, na kama mtu huyo atakumbuka kuvuta pazia. Nakwambia haya pia kwa sababu ya mtihani. Watu wanadhani mtihani wa vitendo unapima nguvu za mikono. Ukiutazama hatua kwa hatua utaona sehemu kubwa ni stara. Umembishia hodi? Umemweleza kabla ya kumgusa? Umevuta pazia? Umemfunika? Umemwachia kengele ya kuita mahali anapoifikia? Umefunga breki za kiti cha magurudumu na kukishusha kitanda kabla ya kuondoka? Nimewaona watu waliopima presha vizuri kabisa wakapoteza alama kwa sababu walimwacha mgonjwa wazi wakaenda kufuata maji.

Basi kwa mama mkwe usiende na hoja, nenda na swali. Na usiende peke yako. Huyo ni mama wa mume wako, na ukweli ni kwamba kunyamaza kwa mume wako kunakuumiza kuliko maneno ya mama. Keti naye kwanza usiku mmoja, mweleze kama nilivyokueleza mimi, kisha yeye ndiye afungue maneno na mama yake, wewe ukiwa umekaa chini pembeni kwa adabu. Amuulize, mama, babu alipolala kitandani kule Fizi asiweze kuinuka, nani alimwosha? Alikuwepo mtu. Katika kila ukoo alikuwepo mtu aliyefanya hivyo mlango ukiwa umefungwa, na hakuna aliyemwita malaya, walimwombea baraka. Wazee wa hapa watoto wao wako mbali au wako kazini, ndiyo maana wanaoshwa na mtu anayelipwa. Mama akisikia hivyo kutoka kinywani mwa mwanawe, huenda asikubali siku hiyo hiyo. Mpeni muda. Wakwe wengi ninaowajua walilainika walipoona mkamwana anarudi nyumbani anaweza kumpima presha.

Jambo moja sitalificha. Usiingie kazi hii ukitumaini utapewa wanawake tu. Mgonjwa ana haki ya kukataa kuoshwa na mwanamke au na mwanamume, na akikataa unamheshimu, unamwambia nesi. Wewe huna nafasi hiyo kila siku, kwa sababu zamu ina watu wake na wote wanahitaji huduma. Kama dhamiri yako baada ya kufikiri inakataa kabisa, heri ujue sasa. Zipo kazi za jikoni, za kufua, za mapokezi kwenye nyumba zile zile. Lakini mtu aliyeandika barua kama yako, mimi sidhani ni wa kushindwa na hili.

Kiingereza. Usisubiri kiwe kizuri ndipo uanze, kwa sababu hakitakuwa kizuri kwenye laini ya nyama ambako mashine zinapiga kelele na wote mnaongea Kiswahili. Ila usikidharau pia. Mzee akisema kifua kinabana na wewe ukaelewa anataka blanketi, mtu anaweza kufa. Anza na maneno ya mwili, kuanzia kisigino hadi utosi. Kisha maneno ya upande, kulia, kushoto, juu, chini, geuka, inuka, subiri. Kisha maneno ya kuripoti, na hapa weka juhudi zako zote, kwa sababu CNA ndiye macho ya nesi. Wewe ndiye utakayeona wekundu kwenye kisigino au juu ya makalio ambao usipopungua ukimgeuza, ni kidonda cha kulala kinaanza. Wewe ndiye utakayeona mkojo umekuwa wa rangi ya chai, au kwamba bibi aliyekuwa anamaliza uji leo amekula vijiko viwili. Huambiwi utaje ugonjwa. Unaambiwa useme ulichoona, saa ngapi, kiasi gani.

Sehemu ya nadharia ya mtihani sheria inakupa haki ya kuchagua, kuandika au kusomewa maswali kwa sauti. Kama masikio yako ni mazuri kuliko macho, omba kusomewa siku ile ya kujaza fomu, usingoje siku ya mtihani. Jua tu kwamba katika majimbo mengi hata mtihani wa kusomewa una maswali machache ya kupima kama unaweza kusoma maneno ya kazini. Ukianguka usilie. Sheria inakupa angalau nafasi tatu.

Upande wa vitendo utaambiwa ufanye huduma chache zilizochaguliwa kutoka orodha mnayofundishwa. Kunawa mikono hakukosekani, na hapo ndipo watu wanapoanguka kwa sababu wanadhani wanajua. Fungua maji, lowesha mikono vidole vikitazama chini, paka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha, vifundo, kwa sekunde zisizopungua 20. Suuza bila kugusa sinki. Kausha kwa karatasi. Kisha chukua karatasi nyingine safi, ufungie bomba kwa hiyo. Dada mmoja niliyemfundisha alifanya yote bila kosa, mwishoni akafunga bomba kwa mkono mtupu, mazoea ya nyumbani, akarudia mtihani. Kila unaponawa kabla ya kupika, nawa hivyo. Watoto wako watakucheka wiki moja, wiki ya pili watakuiga. Mapigo ya moyo nayo hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Mazoezi mfanyie mama mkwe kama atakubali. Hilo peke yake linaweza kumaliza ugomvi.

Kabla ya kuanza vitendo utachunguzwa rekodi ya makosa, na utapimwa kifua kikuu. Hapa sikiliza. Wewe karibu hakika una kovu la BCG mkononi, ile chanjo ya kifua kikuu. Kile kipimo cha kuchomwa kwenye ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, wakakwambia una maambukizi, ukaanza kuzungushwa kwenye eksirei. Waonyeshe kovu, uombe kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG na ndicho kinachopendekezwa kwa mtu aliyechanjwa. Na ukishaajiriwa, mwajiri anapaswa kukupa chanjo ya homa ya ini B bure. Ikubali.

Mikono yako yenye ganzi ionyeshe daktari kabla hujaacha kiwanda, iandikwe kwamba ilianzia huko. Kazi ya CNA ni laini kwa vidole lakini ni ngumu kwa mgongo. Utafundishwa kutumia mkanda wa kiunoni wa kumsimamishia mgonjwa, na mashine ya kunyanyulia inayotaka watu wawili. Zitumie hata siku unayokimbizwa. Wanaoacha kazi hii mapema wengi huwaoni wameshindwa na kinyesi wala harufu, ni mgongo.

Pesa nisikupambie. Takwimu za Mei 2023 za Idara ya Kazi ziliweka mshahara wa kati wa kazi hii nchi nzima kuwa karibu dola 38,000 kwa mwaka, na kiwandani huenda unapata zaidi ya hapo kwa saa. Kaeni na mume wako mpige hesabu ya miezi ya kwanza. Faida yake ni kwamba ngazi ipo. CNA akimaliza sekondari kwa mtihani wa HiSET au GED anaweza kusomea unesi wa ngazi ya kwanza wa mwaka mmoja hivi, unaoitwa LPN, kisha RN, yaani nesi kamili aliyesajiliwa. Mimi nilipanda hivyo nikiwa na watoto wawili. Wewe anza HiSET taratibu hata ukiwa bado unasomea CNA, darasa moja kwa wiki.

Ukishaandikwa kwenye daftari, ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi ya kulipwa, unarudia mafunzo au mtihani. Kwa hiyo ukijifungua au ukisafiri, hesabu miezi. Na daftari hilo hilo linaandika mabaya. Mtu akithibitika amemtesa mzee, amemtelekeza au amechukua mali yake, jina lake linawekwa alama na nyumba za wazee haziwezi kumwajiri tena. Nakutajia kwa sababu ya mambo mawili ambayo watu wetu hufanya kwa moyo mweupe. Bibi akikupa dola 20 kwa upendo, kwetu kukataa zawadi ya mzee ni utovu wa adabu. Hapa kataa, kwa tabasamu, na umweleze nesi. Na usimpige picha mgonjwa hata mmoja, hata kama amekukumbatia na amependeza, hata kama unataka tu kuwatumia dada zako wa Nyarugusu waone unapofanya kazi. Simu ibaki kwenye kabati.

Wiki hii piga simu Hawkeye uulize tarehe ya kozi ijayo na kama wana darasa la jioni, na zungukia nyumba mbili za wazee kabla hujalipa chochote. Mume wako mpe barua hii asome mwenyewe. Ukishapata tarehe ya mtihani niandikie, tena uniambie ni sehemu gani inakutia hofu, nikuandikie hatua zake moja moja.